Waya za Sabuni

"Hii sabuni umekata na nini?"

Candiru hakuinua macho. Alikuwa akimfungia mteja mwingine vipande viwili kwenye jani la mgomba, na mwanamke mwenye meza ya sabuni katika soko la Arua, mwaka ule ambao sabuni ilikuwa adimu kuliko sukari, hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu.

"Na waya," alisema. "Wewe unafikiri na meno?"

Keji aligeuza kipande chake kwenye mwanga. Ubavu mmoja ulikuwa laini. Ule wa pili, uliokatwa, ulikuwa na mistari myembamba iliyobanana kutoka mwisho hadi mwisho, mistari ambayo mtu mwingine angeiona na kuisahau. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, polepole, na ukucha ukakwaruza. Mistari ya upana ule ule aliijua kwa ukucha huo huo kwa miaka kumi na minne, na haikuwa kwenye sabuni.

"Nionyeshe hiyo waya, dada."

"Wewe leo iko na maneno."

"Nionyeshe tu."

Candiru alivuta fremu yake kutoka chini ya meza. Ilikuwa fremu imara ya mbao, na ndani yake waya tatu zimevutwa sambamba, ili mche mmoja ukisukumwa mara moja utoke vipande vinne. Waya ya kwanza ilikuwa nene, ya pili nene kidogo, ya tatu nyembamba zaidi, na kila moja ilikuwa imezungushiwa waya nyingine nyembamba ya shaba toka mwanzo hadi mwisho. Keji aliipiga ya kwanza kwa kidole. Ilitoa sauti nzito iliyokabwa na mafuta, lakini sauti. Mteja wa jani la mgomba aligeuka kutazama.

"Hizi ni nyuzi za gitaa," Keji alisema.

"Hizi iko waya ya Sajini Asuman. Mimi nilinunua kwa duka yake. Alisema iko ya mitego ya kanga. Zile nyembamba nilimpa kaka yangu Anguyo kule Logiri, na hizi nene zinakata vizuri kuliko kisu. Watu wanajua sabuni yangu kwa hii mistari. Usiguseguse."

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu gitaa la Keji linyamaze. Lilikuwa gitaa la zamani, la mbao iliyogeuka rangi ya asali, lililotengenezwa Ulaya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kuletwa Kongo na padri mmoja Mbelgiji. Watu walipoliona walimuuliza kama ni la mume wake, au la kaka yake, au ni marehemu gani alimwachia. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: la mikono yangu. Na lilikuwa la mikono yake kweli. Alipokimbia vita ya Sudan akaangukia misheni upande wa Kongo, aliwafulia mapadre nguo mwaka mzima na nusu, na padri yule alipofunga mizigo arudi kwao bila kitu cha kumlipa, Keji alinyoosha kidole kwenye gitaa akasema, hilo. Padri alicheka. Keji hakucheka, na gitaa likatoka naye mlangoni.

Ladu, mume wake, naye alilijua gitaa hilo kwa uchungu. Amani ilipotangazwa kwao na watu wakaanza kurudi Juba kwa malori, Ladu alitaka liuzwe wapate mabati ya nyumba. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu Ladu alipanda lori peke yake, na Keji akabaki Manibe, nje kidogo ya Arua, na shamba la karanga la kukodi, na gitaa, na sifa ya mwanamke mkaidi. Sifa hiyo ilimkaa vizuri. Tangu hapo hakukuwa na arusi wala matanga Manibe yote ambayo watu wangethubutu kuyafanya bila kumwita, na alilishwa na kuvishwa na gitaa hilo kuliko alivyowahi kulishwa na Ladu.

Kisha kikaja kizuizi cha askari, barabara ya Koboko. Askari mmoja, akitafuta dhahabu ya magendo, alichomeka ncha ya singe chini ya bamba la vifunguo kwenye kichwa cha gitaa, vile vitatu vya upande wa kushoto vinavyokaza nyuzi nene. Akabetua. Bamba likakatika katikati, meno yake yakaruka, nyuzi tatu zikakatika kwa mpigo. Dhahabu haikuwepo. "Sasa imenyamaza," askari alisema, na wenzake wakacheka. Keji alipiga magoti vumbini akaokota skrubu zake moja moja huku wakimfokea aondoke. Zilikuwa sita, na hakuondoka mpaka ya sita.

Nyumbani alijaribu kuchonga vijiti vya mti, kama vile vya adungu, kinanda cha nyuzi ambacho kila fundi wa Manibe anajua kukitengeneza. Vijiti vilishika uzi wa mshipi wa kuvulia samaki vizuri kabisa. Waya ya chuma ilivishinda nguvu, ikavirudisha nyuma taratibu mpaka wimbo ukazama katikati ya ubeti.

"Dada," alimwambia Candiru, "nikikuletea waya nyingine tatu, utanipa hizi?"

"Waya gani?"

"Ya breki ya baiskeli. Inakata laini."

Candiru aliitazama fremu yake, kisha meza yake, kisha mistari ya sabuni iliyokuwa jina lake sokoni. "Leta kwanza," alisema. "Na wewe gitaa yako haina masikio. Waya utafunga kwa nini, kwa pua?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Juu ya mlango wa duka la Sajini Asuman jina la mwenyewe wa kwanza, Mhindi, lilikuwa bado linasomeka chini ya chokaa iliyopakwa kwa haraka. Asuman alikuwa Mnubi wa Koboko, sajini mstaafu, mnene, mwenye sauti ya kupendeza. Duka alikabidhiwa miaka mitatu nyuma, Wahindi walipofukuzwa, pamoja na vyote vilivyokuwamo, na shida ilikuwa hivyo vyote vilivyokuwamo. Nusu yake hakuvijua, na hakuwa mtu wa kuuliza. Rangi ya kuchovya nguo aliiuza kama dawa ya mchwa, na kuna mzee wa Vurra ambaye mchwa wake, inasemekana, ni wa buluu hadi leo.

"Sajini," Keji alisema, akaweka juu ya kaunta nusu ya bamba lake lililokatika. "Kwa vitu vya Mhindi, hukukuta chuma kama hiki? Bamba, vijiti vitatu, na vishikio vyeupe pembeni?"

Uso wa Asuman ulichangamka. "Ah, ya kutundika kofia. Sanduku nzima. Mimi niliuzia kambi yote. Askari wote wanatundika kofia juu yake."

Keji alifumba macho kidogo. Aliuona ukuta mrefu wa kambi, na vifunguo vya magitaa yote ambayo yangelia West Nile vimepigiliwa hapo misumari, kila kimoja na kofia yake. Alitaka kucheka, na alitaka kupiga kitu.

"Hata moja haikubaki?"

"Moja alichukua mama yangu kule Koboko. Anapenda kuizungusha. Kwani hii iko ya nini?"

Angeweza kudanganya, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakudanganya. "Ya gitaa," alisema.

Asuman aliinama juu ya kaunta. "Basi ni wewe. Nimesikia kuna mama moja Manibe iko na gitaa ya zamani. Nilitaka kutuma mutu akuite. Mama, sikia. Iko mkubwa moja wa jeshi anatafuta gitaa kwa klabu yake. Dereva yake anakuja hapa Jumamosi saa tano. Leta hiyo yako. Nakupa miche kumi ya sabuni na nusu gunia ya sukari. Kampala watatengeneza."

"Hapana."

"Gunia nzima."

"Sajini, mimi hapana uza."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri mafuta ya taa waliacha mazungumzo yao. Asuman aliwaona wakisikiliza, na sauti yake ya kupendeza ikapungua utamu. "Gitaa yako iko bubu. Kitu bubu unataka ya nini? Mkubwa akiuliza, mimi nitasema nini? Mama moja wa Sudan amekataa?"

"Sema inafanya kazi. Sema iko na mwenyewe na inamlisha."

"Lakini haifanyi."

"Jumamosi itafanya."

"Na isipofanya?"

Keji alijua kwamba hapo ndipo mtu mwenye akili hunyamaza. "Isipofanya nitaleta na mikono yangu hii," alisema.

"Sawa. Jumamosi saa tano, hapa barazani. Ikiimba, mimi namwambia dereva iko ya mama, nafunga mdomo. Isipoimba, unaiacha. Hii iko neno ya mwanaume."

"Na ya mwanamke," Keji alisema, akachukua nusu ya bamba lake akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi baiskeli kutafuta waya za breki. Ilikuwa Jumatano, na alijichukia kwa mdomo wake, na wakati huo huo, hakuna haja ya kuficha, alijisikia vizuri kuliko siku zote za wiki zile tatu.

Alhamisi alfajiri alipata lori la tumbaku lililokuwa likienda Koboko, akakaa juu ya marobota na nusu ya bamba imefungwa kwenye kitambaa. Gitaa aliliacha chini ya kitanda. Nyumba ya mama yake Asuman haikuwa ngumu kupata. Koboko nzima ilimwita Haboba Sadiya, kama Wanubi wanavyomwita bibi yeyote wa heshima, na alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, mwembamba, amejitanda, mbele yake shuka kubwa jeupe limebanwa kwenye fremu ya kutarizia. Lilikuwa shuka la arusi. Maua yake ya zambarau yalikuwa yamefika katikati.

Bamba lilikuwa pale. Lilikuwa limefungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa fremu, na kamba zinazolivuta shuka zilikuwa zimeingizwa kwenye vijiti vyake vitatu. Keji akiwa bado amesimama, bibi alizungusha kishikio cheupe robo ya mzunguko, na shuka lililokuwa limeanza kulegea likanyooka. Katika watu wote walionunua, kuuza na kupigilia vifunguo vile, ni huyu mmoja aliyejua kwamba vinakaza kitu.

"Asuman amekutuma?" bibi aliuliza baada ya salamu.

"Hapana, Haboba. Asuman hapendi nipate kile nimefuata."

"Basi kaa."

Keji alikaa, akaeleza yote, kuanzia singe hadi Jumamosi, na hakuongeza chumvi. Haboba Sadiya alisikiliza huku sindano ikienda. Keji alipomaliza, bibi alikata uzi kwa meno.

"Hapana," alisema. "Mimi pia iko na kazi. Mjukuu wangu anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Bila hii chuma shuka inalegea, maua yanakunjamana. Wewe unataka gitaa yako ilie, na mimi nipeleke msichana kwa watu na shuka kama uso wangu?"

"Kamba zako ni za pamba, Haboba."

"Ndiyo ya pamba."

"Pamba inashikwa na mti. Chuma haishikwi. Nipe kisu na mti mgumu, nitakuchongea vijiti vitatu. Visipokaza kama hiki, narudi Manibe mikono mitupu."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Kisha akaelekeza kwa kidevu kwenye rundo la kuni, na kisu kikaja kutoka jikoni.

Keji alichonga mpaka adhuhuri. Alivipunguza vijiti upande mmoja, akatoboa matundu kwenye fremu kwa msumari uliotiwa moto, akavipaka vumbi la mkaa ili visiteleze. Haboba Sadiya alitarizi na kuzungumza. Alizungumza juu ya mjukuu, juu ya mvua, kisha, bila kubadilisha sauti, juu ya mwanawe.

"Hiyo duka iko ya mutu," alisema. "Mimi sukari yake sijakula hata siku moja. Hii chuma nilikuta chini, watu wanakanyaga. Nikasema hii sikuchukua kwa mutu, nimeokota." Alipitisha uzi mpya kwenye sindano. "Lakini sikia, binti. Sasa gitaa yako iko bubu. Nani ataitaka kwa nguvu? Mkubwa akiambiwa iko kuni, atatafuta nyingine. Ukiisemesha mbele ya dereva yake, atasikia. Wewe unawatengenezea."

Kisu kilisimama. Keji alikuwa amemfikiria Asuman tu. Alikuwa amehesabu vifunguo, nyuzi, skrubu na siku, na katika hesabu zote hizo hakuwa amemweka mkubwa mwenyewe, ambaye hakuweka neno na mtu yeyote na hakuwa na sababu ya kulitimiza. Gitaa lililovunjika lilikuwa salama chini ya kitanda. Angeweza kulizungushia gunia, akalima karanga, na miaka ikapita.

"Haboba," alisema mwishowe, "ikikaa chini ya kitanda bila kulia, kwa sababu yao, basi itakuwa yangu kweli?"

Kisu kikaanza tena. Keji alipokiingiza kijiti cha tatu na kukizungusha, shuka lilinyooka. Haboba Sadiya alilipiga kwa kiganja hapa na pale, akitafuta kosa. Hakulipata. Ndipo alipofungua skrubu za bamba, mwenyewe, kwa ncha ya mkasi, akalifuta kwa pindo la nguo yake kabla ya kulitoa.

Keji alilipima na nusu yake iliyovunjika. Lilikuwa bamba la upande wa kulia. Sanduku zima la vifunguo, na hili bamba moja lililosalia lilikuwa la upande usio wake. Aliligeuza juu chini. Akaligeuza tena. Likiwa limepinduliwa, vijiti viliangukia mahali pake, ila meno yalikuwa yamehama upande, na kila kifunguo kingekwenda kinyume, ukikaza kinalegeza, ukilegeza kinakaza.

"Haifai?" bibi aliuliza.

"Itafaa," Keji alisema. "Ni mimi nitajifunza upya."

Kizuizi kilikuwa mahali pake wakati wa kurudi. Askari alifungua kitambaa chake, akashika bamba akaligeuza. "Hii iko nini?"

"Ya kutundika kofia," Keji alisema.

Askari alilitazama vizuri, kisha akamrudishia. "Kweli. Iko kama ya kwetu kambini," alisema, na kumpungia mkono dereva wa lori apite.

Ijumaa Candiru alipokea waya tatu za breki, akazijaribu kwenye mche mmoja, akapapasa ubavu laini wa sabuni bila furaha. "Sasa iko kama sabuni ya kila mutu," alisema. Lakini zile nyuzi alishazifungua kabla Keji hajafika, akazikunja vizuri kwenye jani. Keji alizichemsha kwenye sufuria ya uji. Maji yalitoa povu mara ya kwanza, na ya pili, na mara ya nne tu ndipo yalipobaki maji. Matundu ya skrubu kichwani hayakulingana na bamba jipya, akayaziba kwa vijiti vya kiberiti vilivyogongwa ndani, akatoboa mengine. Skrubu zilikuwa zile zile sita. Uzi wa kwanza kati ya zile nene aliufunga mchana, akaanza kuukaza kama mkono ulivyozoea, na ukalegea ukaanguka. Alifanya kosa hilo zaidi ya mara ishirini kabla mkono haujakubali.

Jumamosi, saa tano kasoro dakika chache, alikaa kwenye ngazi ya baraza la duka, gitaa magotini. Gari la mkubwa lilikuwa limekwisha fika, Landrova ya kijani. Dereva, mtu mrefu mwenye kijiti cha kuchokolea meno, alikuwa ameliacha linaunguruma, na wapagazi wa soko walijua sababu: stata yake ilikufa tangu mwaka jana, spea hazipatikani, na likizimwa halina budi kusukumwa na watu.

Asuman alitoka akiwa na shati lililopigwa pasi. Aliona bamba, akainama.

"Hii umetoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa mama yako."

"Amekupa?"

"Tumebadilishana. Anasema uende umwone. Usitume mutu."

Asuman alisimama wima, akajifanya anatazama barabara. Keji alianza kukaza. Alikwenda kinyume, kama alivyojifunza, na bado mara moja mkono ulimsaliti, uzi ukashuka ukatoa sauti ya mbuzi, na mtu mmoja barazani akacheka. Hakumtazama. Aliupandisha tena, taratibu, akausikiliza pamoja na wa tano, na wa nne, na zile tatu nyembamba ambazo singe haikuzigusa. Zikakubaliana.

Akapiga.

Ulikuwa wimbo wa kwao, wa kupanda mtama, ambao watu wa Arua waliujua kwa arusi zao wenyewe. Nyuzi nene zilianza zikiwa nzito, kana kwamba povu lilikuwa halijaisha ndani yake, kisha zikafunguka, na ile sauti ya chini, aliyokuwa ameikosa kifuani kwa wiki tatu, ilitoka kwenye mbao ikampita mwilini. Machozi yalimjia. Aliyaacha yashuke, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Inaimba vizuri," dereva alisema. "Weka kwa gari."

Asuman alikohoa. "Afande, mimi nilisema nitapata gitaa. Lakini hii hapana. Hii iko na mwenyewe. Inamlisha."

"Mkubwa alisema gitaa. Hakusema gitaa iliyokufa." Dereva alipanda ngazi mbili, akanyoosha mkono. "Mama, maliza."

"Nitamaliza," Keji alisema.

Akafika mwisho wa wimbo wa kupanda mtama, na pale ambapo mwisho ulipaswa kuwa aliingia kwenye mwingine, bila nafasi ya hata pumzi. Mkono wa dereva ulibaki hewani. Hakujua la kushika. Angeweza kulinyakua, kila mtu aliyekuwa pale aliwahi kuona kitu kikinyakuliwa, lakini ni shida kidogo kunyakua kitu ambacho mtu anakipiga mbele ya soko zima linalotikisa kichwa. Akarudi ngazi moja.

Watu waliongezeka. Wapagazi walitua magunia. Candiru aliiacha meza yake, yeye ambaye hakuwahi kuiacha hata kwa mvua, akaja akasimama amefunga mikono kifuani. Hakuna aliyesema neno kwa dereva, wala aliyemsukuma. Walisimama tu, kama watu wanaosikiliza muziki, na kwa kusimama hivyo walijaa nafasi yote kati ya ngazi na Landrova, mpaka dereva akalazimika kujipenyeza ubavu ubavu kurudi kwenye gari lake. Keji aliogopa. Jasho lilimtiririka, na uzi wa nne ulikuwa umeanza kumkata kidole kilichosahau ugumu wake. Alimaliza wimbo wa pili kwa kuingia wa tatu.

Asuman alikuwa amefunga mdomo, kama alivyoahidi. Alibaki hivyo kwa muda mlangoni pa duka lake, mkono mmoja kwenye shati lake la pasi. Kisha akateremka ngazi moja, na nyingine, akasimama chini ya Keji, mgongo kwake, uso kwenye gari.

Dereva alikaa nyuma ya usukani. Akatazama saa. Akaweka mkono kwenye honi na hakuibonyeza. Alitazama umati mbele yake, wanaume wenye mabega ya magunia, wanawake wa soko, sajini mstaafu aliyekuwa akimpigia saluti kila Jumamosi. Gari lilikuwa likitetemeka chini yake. Baada ya kitambo akatoa kijiti mdomoni, akanyoosha mkono kwenye ufunguo, na akazima injini, akijua kwamba sasa ni watu hao hao tu watakaolisukuma gari liwake.

Keji aliusikia mngurumo ukikatika. Hakuinua kichwa. Sasa gitaa lilisikika mpaka upande wa pili wa barabara, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kutafuta wimbo wa nne.